Leseni za SQL Server zinatumaliza sisi tunaohosti wateja wadogo, mnapunguzaje?

kijana_wa_seva (Dar)

Wakuu habari zenu, naomba mawazo kwa wale wanaofanya hii biashara ya kuhosti. Sisi ni kampuni ndogo tu, tunahosti mifumo ya watu, wengi ni SACCOS, maduka ya dawa, dispensari na shule binafsi, na mifumo yao imetengenezwa na madivelopa tofauti tofauti ila karibu wote wamejenga kwa .NET na SQL Server, ile databesi ya Microsoft. Leseni tunachukua kwa SPLA, ule mpango wa Microsoft kwa wahosti, yaani kila mwezi tunaripoti tunachotumia afu tunalipa kupitia risela.

Mpangilio wetu uko hivi, kila mteja tumempa VM yake (mashine pepe ndani ya seva) ya vCPU 2 (prosesa pepe) na ndani yake kuna SQL Server Standard, ziko 22. Kati ya hizo tatu ni za wateja wenye tovuti tu za kawaida, watu wanaingia wanaangalia bidhaa wanaagiza basi. Halafu ipo VM moja kubwa ya vCPU 8 ya hospitali, hiyo ni Enterprise, ile edisheni ya juu, kwa sababu divelopa wao alishikilia kwamba mfumo wake hauwezi kukaa kwenye kitu kingine.

Sasa ankara ya leseni inakuja kwa dola, sisi wateja tunawatoza shilingi, na tangu zile kanuni za Machi 2025 zinazokataza kutoza kwa fedha za kigeni hapa ndani huwezi hata kumwekea mteja bei ya dola ili ujikinge. Shilingi ikishuka kidogo tu faida yote inaenda kwenye leseni. Bosi anataka tuhamishe kila mtu kwenda PostgreSQL, databesi isiyo na leseni ya kulipia, kabla mwaka haujaisha, madivelopa wanasema hilo haliwezekani, mimi nipo katikati. Je kuna njia ya kupunguza bila kuvunja masharti? Sitaki njia za panya, tukikaguliwa nataka niwe na amani.

---

mkeka_wa_data

Mkuu kabla ya kumgusa PostgreSQL au kumlaumu risela hebu tuhesabu pamoja, maana tatizo lako kubwa liko kwenye huo mpangilio wa VM na wala siyo kwenye bei.

SQL Server inalipiwa kwa kori (core, kiini cha prosesa), na ukilipia kwa VM kiwango cha chini ni kori 4 kwa kila VM hata kama umeipa vCPU 2. Kwa hiyo zile VM zako 22 za vCPU mbili mbili unazilipia kama kori 88, wakati ulizowapa wateja ni 44 tu. Nusu nzima ya hela ya Standard inaenda kwenye kori ambazo hazipo kabisa. Na nina uhakika ukifungua hizo VM mchana wa kazi utakuta prosesa inacheza chini ya asilimia kumi, duka la dawa linauza dawa, halirushi setelaiti.

Dawa yake ni kutenganisha mfumo na databesi. VM za wateja ziache na IIS (seva ya wavuti ya Windows) na programu zao kama kawaida, zile hazina shida, ila SQL Server itoe humo kabisa, uninstall kweli kweli maana kinachohesabiwa ni kilichosimikwa, usiseme nimezima sevisi basi. Databesi zote zihamie kwenye VM moja ya SQL yenye mfano kori 8. Leseni ya kori ikishaifunika hiyo VM unaruhusiwa kuweka instansi nyingi (SQL Server kadhaa zinazojitegemea) humo ndani na databesi nyingi utakavyo, watumiaji hawahesabiwi. Umetoka 88 umefika 8. Hata ukihofia ukaweka 12 bado umepona.

Kabla hujachagua hiyo namba pima kwanza. Washa Perfmon (kipimo cha Windows cha matumizi ya mashine) kwenye VM zote, chukua matumizi ya prosesa na batch requests (maombi yanayoifikia databesi) kwa sekunde, na hakikisha umepita mwisho wa mwezi, maana SACCOS zikifunga hesabu na shule zikitoa ankara za ada ndo utaona kilele halisi. Jumlisha kilele cha saa ile ile, usijumlishe kilele cha kila mmoja kwa saa yake utapata namba ya kutisha ambayo haitatokea.

Na kitu ambacho watu wengi wa hosting wanakisahau: RAM haina leseni. Diski ya NVMe haina leseni. Standard ya 2022 inakubali hadi GB 128 za RAM kwa instansi, kwa hiyo ukiona databesi nzito mpe kumbukumbu kwanza kabla hujamwongezea kori. Kori moja inakula hela kila mwezi maisha yote, RAM unanunua mara moja.

Kuhusu usalama, wateja wakikaa pamoja kila mmoja apewe login yake, databesi iwe mali ya ile login, afu funga VIEW ANY DATABASE ili asione hata majina ya wenzake. Divelopa akikuomba sysadmin, ile ruhusa ya kufanya kila kitu, mkatalie, hata akilia. Wenye data nyeti sana watengee instansi yao ndani ya VM hiyo hiyo na uweke max server memory kwa kila instansi, ukiiacha wazi instansi moja itameza RAM yote na wengine wataganda.

---

rack_ya_nairobi

Niaje wadau. Naunga mkono @mkeka_wa_data, mi niongelee hiyo ya hospitali maana hapo kuna pesa imelala.

Kwenye bei ya orodha ya Microsoft ya SQL Server 2022, pakiti ya kori 2 ya Standard ni dola 3,945 na ya Enterprise ni dola 15,123. SPLA ina bei zake za mwezi lakini uwiano uko karibu na hapo, Enterprise inakukata karibu mara nne. Sasa VM moja ya kori 8 za Enterprise ni kama umelipia kori thelathini za Standard. Muulize huyo divelopa swali moja tu: ni kitu gani hasa cha Enterprise unatumia? Wengi hawana jibu, walizoea zamani. Hadi 2016 ilikuwa kweli kwamba partitioning, data compression na columnstore ni za Enterprise peke yake, lakini SQL Server 2016 SP1 ilipotoka Novemba mwaka huo vitu hivyo vikashushwa hadi Standard, na ile ya kusimba databesi nzima, TDE, ikashuka kwenye 2019. Watu wakaendelea kulipa kama hakuna kilichobadilika.

Usibishane naye kwa mdomo, ingia kwenye databesi yenyewe uandike

SELECT * FROM sys.dm_db_persisted_sku_features

Ikirudi tupu, ndani ya ile databesi hakuna kitu kinachoizuia kuingia Standard. Zimebaki zile tabia za injini ambazo haziandikwi humo: je wanajenga indeksi upya online, je wana Availability Group (databesi zinazonakiliwa kwenye seva nyingine) yenye databesi nyingi maana Standard inakupa ile ya basic tu yenye databesi moja, je wanatumia RAM kupita GB 128. Hospitali ya kawaida haina hayo.

Jambo la kujua ni kwamba huwezi kushusha edisheni palepale ilipo. Unasimika Standard upya kwenye VM nyingine, unachukua bakapu unarestoa, na usisahau login, job za Agent (kazi zinazojiendesha kwa ratiba) na linked server (viungo vya seva nyingine), hivyo havikai ndani ya databesi ya mteja na ndivyo huwa vinaamsha watu usiku.

Halafu hiyo vCPU 8. Nilishaitwa na kliniki moja kuangalia mfumo uliokuwa unakaba prosesa hadi wakaambiwa waongeze kori. Nikafungua Query Store (kumbukumbu ya kwiri, yaani maombi ya data) nikapanga kwiri kwa matumizi ya CPU, ya kwanza kabisa ilikuwa ya skrini ya mapokezi, ile orodha ya wagonjwa wa leo, inajirudia yenyewe kila sekunde kadhaa kwenye kila kompyuta ya mapokezi. Mwandishi aliandika

WHERE CONVERT(varchar, TareheYaKuja, 103) = '14/05/2024'

Hapo indeksi ya tarehe haina kazi, injini inasoma mahudhurio yote tangu kliniki ifunguliwe, inageuza kila tarehe kuwa maandishi ndo ilinganishe, kwa ajili ya watu mia waliokuja leo. Tukabadilisha ikawa TareheYaKuja >= leo na < kesho, tukaongeza indeksi moja, prosesa ikatulia siku hiyo hiyo na VM ikapunguzwa kutoka vCPU 8 hadi 4. Hiyo ni nusu ya leseni imeondoka kwa mstari mmoja. Angalia pia cost threshold for parallelism (mpaka ambao kwiri ikiuvuka inagawanywa kwenye kori nyingi), wengi wameiacha kwenye 5 ya kiwandani ambayo ni ndogo mno kwa mashine za sasa, kila kwiri ndogo inasambaa kori zote, nyinyi mnadhani kori hazitoshi. Anza na 50 afu ufuatilie.

---

binti_wa_postgres

Salaam wote. Mimi kazi yangu ya kila siku ni PostgreSQL na naipenda, ila kaka @kijana_wa_seva mwambie bosi asihamishe wote kwa mpigo, ataua biashara.

Wagawe wateja kwa swali moja: source code (hapa naiita kodi, maandishi asili ya programu) anayo nani? Kama mfumo umenunuliwa kwa kampuni nyingine na hakuna mwenye kodi, usiuguse, mfano mtu anatumia Sage Evolution ile inataka SQL Server na hakuna mjadala. Kama divelopa yupo hai, anapokea simu na ametumia Entity Framework Core (maktaba ya .NET ya kuongea na databesi), huyo anahamishika, kwenye kodi anabadilisha UseSqlServer inakuwa UseNpgsql na sehemu kubwa inakubali. Kama mantiki yote ya mfumo iko kwenye stored procedure mia tatu (programu ndogo ndani ya databesi) za T-SQL, lugha ya SQL Server, huyo muache mwisho au muache moja kwa moja.

Data yenyewe siyo tatizo, pgloader inasoma SQL Server inamwaga kwenye PostgreSQL majedwali na data. Yanayouma ni madogo madogo ambayo hakuna anayekuambia. La kwanza, SQL Server kwa kawaida haijali herufi kubwa na ndogo, PostgreSQL inajali. Karani anatafuta "asha" mgonjwa wake ameandikwa "Asha", hamuoni, anamsajili upya, na baada ya muda mna Asha wawili wenye mafaili tofauti ya matibabu. Hiyo ni hatari ya kweli kwa mgonjwa, kwa hiyo safu za majina ziwe citext au utafutaji utumie ILIKE, ambazo hazijali ukubwa wa herufi, na mjaribu kabla ya kuwasha. La pili ni saa. Npgsql (dreva ya .NET ya PostgreSQL) kuanzia toleo la 6 inataka tarehe za timestamptz (aina ya tarehe yenye kanda ya saa) ziwe za UTC, divelopa akilazimisha kiholela risiti zinaanza kuonyesha masaa matatu nyuma. La tatu, PostgreSQL inafungua prosesi kwa kila muunganisho, ukiwa na wateja wengi wanaofungua miunganisho ovyo weka PgBouncer mbele, inawafanya washirikiane miunganisho michache.

Kuna pia Babelfish, ambayo AWS waliiachia kama chanzo huria Oktoba 2021, inafanya PostgreSQL ielewe T-SQL na ile itifaki ya SQL Server yenyewe, kwa hiyo programu inaunganika bila kubadilishwa dreva. Siyo kila kitu kinapita. Ila ina chombo kinaitwa Babelfish Compass, unakilisha skripti za databesi yako kinakupa ripoti ya nini kinakubalika na nini hakikubaliki. Hata kama hutaitumia Babelfish yenyewe, ile ripoti ni ushahidi mzuri wa kumpelekea bosi na madivelopa wakae meza moja waache kubishana kwa hisia.

Na jambo la mwisho kwa upande wangu. Leseni ikiwa sifuri kazi haijawa sifuri. Bakapu za pgBackRest, vacuum (kusafisha data iliyokufa), kupandisha matoleo, mtu wa kuamka databesi ikisumbua, huyo mtu mnaye? Kama hamna, mfundisheni mmoja sasa hivi mkiwa na wateja wawili wa PostgreSQL, msisubiri mkiwa nao ishirini. Ushauri wangu weka sera: mteja mpya anayeanza mfumo kuanzia sifuri anapewa PostgreSQL au MariaDB kama chaguo la kwanza, akitaka SQL Server bei yake iandikwe mstari wake kwenye ankara aione. Wengi wakiuona ule mstari wanamuuliza divelopa wao wenyewe.

---

kijana_wa_seva (Dar)

Aisee asanteni sana, hiyo ya kori 88 sikuwahi kuiona hivyo, nimeenda kuangalia ripoti ya risela na kweli ndo namba waliyoandika. Maswali mawili. Hizo tovuti tatu nimesikia kuna edisheni ya Web ya bei rahisi, kwa nini nisiwaweke wote huko? Na Express ya bure je, databesi nyingi za wateja wangu hazifiki hata GB 5.

---

mzee_wa_mikataba

Kijana wangu hapo kwenye Web na Express ndipo wahosti wengi wanapokamatwa, ngoja nieleze taratibu.

Web ipo kwa ajili yetu sisi wa SPLA, haiuzwi dukani, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya Standard. Lakini masharti yake ni kwamba iwe inahudumia kurasa, tovuti, programu au huduma zilizo wazi kwa umma kupitia intaneti. Tovuti ya duka inayouza kwa kila mtu, sawa. Mfumo wa SACCOS ambao wanaingia makarani na wahasibu wake tu, hapana, huo ni mfumo wa kazi za ndani hata kama unafunguliwa kwenye brauza na una jina la domain. Mkaguzi hatauliza kama kuna brauza, atauliza nani anaingia. Kwa hiyo zile tatu zako peleka Web kwenye VM yao moja ya kori 4 na zimetosha. Jua pia kwamba Microsoft wameisitisha hiyo edisheni kwenye SQL Server 2025, ya mwisho ni 2022 ambayo msaada wake unaenda hadi Januari 2033. Muda upo, ila usijenge biashara mpya nzima juu yake, na tovuti ndizo rahisi kuliko vyote kuhamia kwenye ile njia ya binti_wa_postgres.

Express kiufundi ingewatosha wengi. Hadi toleo la 2022 mwisho wake ni GB 10 kwa databesi, na 2025 wameipandisha hadi GB 50, ingawa RAM na kori bado ni finyu. Shida yake ni karatasi. Kwenye masharti ya Express niliyowahi kuyasoma kuna kifungu kinachokataza kuitumia kutoa huduma ya kuhosti programu kibiashara. Ndiyo maana mimi simpangishii mtu Express kama huduma yangu. Mteja akikodi VM tupu, akasimika Express mwenyewe na kuyakubali masharti kwa jina lake kwa ajili ya kazi zake, hilo ni jambo lingine, na liandike kwenye mkataba. Ukitaka kwenda zaidi ya hapo pata jibu la risela kwa maandishi, simu haihesabiki.

Kuna njia hujaitaja, SAL, leseni ya mtumiaji. Standard unaweza kuilipia kwa kichwa badala ya kori. Chukua bei ya kori 4 gawa kwa bei ya SAL moja, ile namba ndiyo mpaka: mteja mwenye watumiaji wachache kuliko hapo, SAL ni nafuu, akizidi nenda kori. Anahesabiwa kila aliyeruhusiwa kuingia, hata asipoingia mwezi mzima, kwa hiyo wafanyakazi walioacha kazi wafutwe. Na usijaribu ile ya watu hamsini kuingia kupitia login moja ya programu ukaripoti mmoja, wanahesabiwa watu walio nyuma ya programu. Kwa mpangilio wa kuwakusanya wote kwenye VM moja SAL haikufai, inafaa yule anayelazimika kukaa peke yake.

Angalia pia Reporting Services, ile sehemu ya SQL Server ya kutoa ripoti. Ukiisimika kwenye VM ya pembeni ili "isisumbue" databesi, hiyo VM nayo inataka leseni yake, kori 4 nyingine. Irudishe kwenye ile ile. Na ile hospitali, waulize kama wao wenyewe wana leseni za SQL Server zenye Software Assurance (mkataba wa nyongeza wa Microsoft juu ya leseni), taasisi kubwa mara nyingi wanazo zimekaa tu. Tangu Oktoba 2022 mteja wa aina hiyo anaruhusiwa kuja nazo kwa mhosti wa nje aliyeidhinishwa, basi wewe huripoti chochote kwa ajili yake, ila hakikisha una nakala ya nyaraka zake kwenye faili.

---

kijana_wa_seva (Dar)

Shikamoo mzee, nimekuelewa vizuri kabisa. Kwa hiyo natoka Standard kori 88 na Enterprise 8, naenda Standard 8 za wateja 19 wa pamoja, Standard 4 au 8 za hospitali kutegemea kwiri zao, na Web 4. Hofu niliyobaki nayo ni moja, VM ya pamoja ikianguka wateja 19 wananipigia kwa pamoja.

---

mkeka_wa_data

Hofu hiyo ni ya haki na ndo maana sehemu ya hela unayookoa irudi hapo, usiipeleke yote kwa bosi kama faida. Databesi zote ziwe full recovery (hali ya kutunza kumbukumbu ya kila badiliko), log bakapu (bakapu ya kumbukumbu hiyo) kila dakika 15 ikitoka nje ya hosti hiyo kwenda kwenye storeji nyingine, bakapu kamili kila usiku, na CHECKDB (ukaguzi wa uzima wa databesi) kila wiki. Andaa kiolezo cha VM kwenye hosti ya pili, imezimwa, Windows tayari na faili za kusimika zipo, pamoja na skripti ya kurestoa databesi zote na login zake. Fanya zoezi la kurestoa ukiwa na saa mkononi, ule muda utakaoupata ndo umwambie mteja kwenye mkataba, usimwahidi dakika tano kama zoezi limekupa saa moja na nusu. Patch za SQL ziwe usiku wa Jumapili na wote wajue, maana sasa ukiwasha upya unawagusa wote.

Hamisha watatu wanne kwa wiki ukianza na maduka madogo, SACCOS zisubiri zikishafunga hesabu za mwezi. Na kila ukimaliza kundi toa SQL kwenye VM zao za zamani kabla mwezi mpya haujaanza, ukiacha moja imelala huko utairipoti tena mwezi mzima.

---

kijana_wa_seva (Dar)

Sawa mkuu. Perfmon nawasha leo kwenye zote, mwisho wa mwezi nikipata vilele naleta namba hapa mnisaidie kuamua kama ni 8 au 12.